Uzi: Nilikusanya akiba miaka mitatu ili nibadili kazi, kumbe kilichonishika hakikuwa pesa

#1 | Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka autunze asome baadaye.

Nilikuwa mhasibu kwa miaka 11. Sasa ni muuguzi, na huu ni mwaka wangu wa nne tangu nisajiliwe. Kila nikikutana na niliofanya nao kazi zamani wananiuliza swali lilelile: "Ujasiri uliupata wapi?" Huwa najibu kwa adabu tu, jibu la kweli sijawahi kulitoa. Ujasiri sikuwa nao. Nilikuwa na kizuizi nilichokiita kwa jina lisilo lake, nikahangaika nacho miaka mitatu bila kukigusa. Naamini humu ndani wapo wengi waliokwama palepale.

Nilijuaje kwamba nataka kutoka? Watu hutegemea nisimulie siku mbaya, bosi mkali, maneno ya kuudhi. Ilikuwa siku nzuri. Tulifunga hesabu za mwezi siku mbili kabla ya tarehe, mkuu wa idara akanisifu mbele ya wote, na nyongeza ya mshahara niliyoiomba ilikuwa imepitishwa wiki hiyohiyo. Nikarudi mezani nikakaa. Nikajiuliza: je, kazi hii inaweza kunipa siku bora kuliko hii? Nikaona haiwezi. Na moyoni sikuhisi kitu.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1959 alichapisha matokeo ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 (wahasibu, jamani, wenzangu kabisa). Aliwaomba wasimulie nyakati walizojisikia vizuri sana kazini, kisha nyakati walizojisikia vibaya sana. Yaliyotajwa huku hayakuwa kinyume cha yaliyotajwa kule. Walioudhika walitaja zaidi sera za kampuni, usimamizi, mshahara, mazingira. Waliofurahi walitaja kazi yenyewe, kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana, kukua. Maana yake unaweza kumwondolea mtu kero zote na bado akabaki mtupu. Watafiti wengine wamempinga, wakisema watu hupenda kujipa sifa kwa mazuri na kulaumu mazingira kwa mabaya. Ni hoja nzito na siikatai. Lakini Herzberg alinisaidia kutenganisha maswali mawili niliyokuwa nayachanganya: nimechoshwa na MAHALI hapa, au nimechoshwa na KAZI hii popote nitakapoifanyia?

Ukiyachanganya hayo utaumia. Mtu anachoshwa na msimamizi mmoja, anaacha taaluma nzima. Mwingine amemalizana na taaluma, lakini anahama ofisi tatu ndani ya miaka mitano, na kila ofisi ni tamu miezi sita ya kwanza, kisha utamu unakwisha. Mimi nilikuwa huyu wa pili.

Nilichofanya ni kuchukua daftari nikaandika shughuli zote ninazofanya kwa wiki, mojamoja. Kwa kila moja nikajiuliza: ningepewa niifanye na watu ninaowapenda, kwa malipo mazuri, bila presha, ningeitaka? Kulinganisha hesabu zetu na za benki, hapana. Kuandaa nyaraka za wakaguzi, hapana. Bajeti, hapana. Kumwelekeza kijana aliyekuja kwa mafunzo, ndiyo. Kukaa na mzee wa stoo aliyekuwa haelewi makato kwenye hati yake ya mshahara mpaka akaelewa, ndiyo, tena sana. Mistari ilikuwa 23. "Ndiyo" zilikuwa mbili, na katika zote mbili mbele yangu alikuwa amekaa mtu.

Uuguzi wenyewe uliniingia nilipomuuguza mama yangu hospitalini wiki tano. Niliwatazama wale wauguzi wakifanya makabidhiano ya zamu, nikajikuta nasikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza kikao chochote cha ofisini.

Sasa kizuizi. Nilisema ni pesa. Nikapiga hesabu vizuri, miaka ya masomo, miezi ya kutafuta ajira, dharura za nyumbani, nikapata kiasi. Nikaanza kuweka akiba. Baada ya miaka mitatu kiasi kikatimia. Unajua nilifanya nini? Nikaongeza kiasi. Nikasema bora niwe na ya mwaka mmoja zaidi, huwezi jua. Mke wangu akalichukua lile daftari, akalisoma, akaniambia, "Baba watoto, wewe husubiri pesa. Kuna kitu kingine, na hujakisema."

Alikuwa sahihi. Vilikuwa vitu viwili.

Cha kwanza ni ile miaka 11. Shahada, mitihani ya bodi niliyoirudia, usiku niliolala ofisini. Niliona nikiondoka nimeitupa. Kuna jaribio la watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer, lilichapishwa mwaka 1985. Watu walinunua tiketi za msimu mzima wa maigizo chuoni. Bila wao kutegemea, baadhi waliuziwa kwa bei kamili na wengine wakapewa punguzo, na nani apate lipi iliamuliwa kwa bahati nasibu. Maigizo yalikuwa yaleyale, viti vilevile. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maigizo mengi zaidi. Pesa ilishaondoka kwa wote, hairudi uende usiende, ila aliyelipa nyingi alihisi anadaiwa kuhudhuria. Nilipoisoma hiyo nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nahudhuria uhasibu kwa sababu tiketi ilikuwa ghali.

Cha pili ni jina. Kwa miaka 11 mtu akiniuliza "unafanya nini?" nilijibu "mimi ni mhasibu." Sikujibu "nafanya uhasibu." Ukoo mzima wananiletea karatasi zao nizipitie. Kuacha kazi nilikuwa naweza. Kuwa mtu wa miaka 36 anayeitwa mwanafunzi, anayesahihishwa namna ya kutandika kitanda na mtu mdogo kwake kwa umri, hapo ndipo miguu ilipokuwa inagoma. Na akiba ya pesa haiwezi kukununulia hilo hata uweke mpaka ustaafu.

Ndiyo hoja yangu wakuu. Watu wengi wamekwama kwa kizuizi kimoja huku wanakitibu kingine. Nyie kimewashika nini? Semeni ukweli, humu hatujuani.

#2 | Mwalimu wa Hisabati

Mleta uzi nakuheshimu, lakini hapa naomba tusikilizane. Usiifanye pesa ionekane kisingizio. Nina watoto watatu, nina mkopo unaokatwa kwenye mshahara kabla sijauona, na bima ya matibabu ya familia nzima inapitia kwa mwajiri wangu. Mtoto wa pili ana pumu. Mimi nikiacha kazi leo, kesho akibanwa usiku naenda hospitali na nini? Wewe ulikuwa na mke anayefanya kazi na akiba ya miaka mitatu. Nimefundisha miaka 17, na miaka mitano ya mwisho natamani kutoka kila siku ninapoingia darasani. Siogopi jina. Naogopa usiku ule.

#3 | Mchangiaji

Namuunga mkono mwalimu. Mimi sikubadili, nilibadilishwa. Kiwanda kilileta mashine mpya, tukapunguzwa watu 40 asubuhi moja. Hakuna aliyeniuliza nimechoshwa na mahali au na kazi. Baada ya miezi tisa nilianza kuendesha lori, ndiyo kazi yangu mpaka leo. Naipenda? Nimeizoea. Ila mkizungumzia kubadili kazi mkumbuke wapo ambao mlango ulifungwa nyuma yao.

#4 | Mleta uzi

Mwalimu, umenisahihisha na nakubali. Niliandika kama mtu aliyesahau. Pesa ilikuwa kizuizi changu cha kweli kwa ile miaka mitatu ya kwanza, na ilikoma kuwa kizuizi siku kiasi kilipotimia. Kosa langu lilianza siku ile. Wewe siku yako haijafika, na hofu yako ina msingi.

Hata kwenye utafiti hilo la bima linajulikana. Mchumi Brigitte Madrian alilichunguza Marekani, ambako bima ya afya ya wengi hutegemea mwajiri, na mwaka 1994 alichapisha kwamba hali hiyo ilikuwa inapunguza kuhama kazi kwa hiari kwa takriban robo. Watu walibaki si kwa kuipenda kazi bali kwa sababu ya kadi ya matibabu. Kwa hiyo kwako swali ni la bima kabla halijawa la taaluma. Ukiwa na ugonjwa sugu nyumbani, tafuta kwanza kama kuna njia ya kuilipia bima mwenyewe, au kwa mwenzi wako, na uulize kama bima ya mwajiri wa kule unakotaka kwenda inaanza siku ya kwanza au baada ya miezi ya majaribio. Hilo la mwisho watu hawaulizi. Yule mtoto hawezi kusubiri miezi ya majaribio.

Ndugu wa #3, pole sana. Na wala usijilaumu kwamba hujarudi ulipokuwa. Wachumi Jacobson, LaLonde na Sullivan walifuatilia wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliokuwa wamekaa kazini muda mrefu kisha wakapunguzwa miaka ya 1980. Miaka kadhaa baadaye kipato chao kilikuwa bado pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ambacho wangekuwa wanapata kama wasingepunguzwa. Hawakuwa wazembe. Ujuzi mwingi mtu anaoupata kazini unafaa pale pale, mashine ile, watu wale, utaratibu ule, na ukiondolewa ghafla unabaki nao mikononi hauna pa kuutumia. Anayeondoka kwa kupanga ana nafasi ya kuchagua anahama na nini. Wewe hukupewa nafasi hiyo.

#5 | Afisa Rasilimali Watu

Habari zenu. Nimekaa upande wa pili wa meza miaka 14, niongeze mambo ambayo watu huja kuyajua wakiwa wameshachelewa.

Soma mkataba wako kabla hujamwambia mtu yeyote unaondoka. Muda wa notisi. Kama ulisomeshwa na mwajiri, kuna muda uliokubali kutumikia au kurudisha gharama? Kama kuna kifungu cha kutoshindana, yaani usifanye kazi kwa mpinzani wa kampuni kwa muda fulani baada ya kuondoka, je, kina nguvu ulipo? Sheria zinatofautiana mno. Kule California vifungu hivyo havina nguvu tangu mwaka 1872. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilijaribu kuvipiga marufuku nchi nzima na mahakama ikazuia. Kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu wa nchi nyingine. Nimeona mtu amekaa nyumbani mwaka mzima kwa hofu ya kifungu ambacho mwanasheria alikisoma dakika kumi akasema hakimhusu, kwa sababu alikuwa anahamia fani tofauti kabisa.

Leseni nayo. Taaluma nyingi zinadai usajili, na usajili unadai masomo upya hata kama unajua kazi. Ulizia bodi husika kama kuna masomo utakayosamehewa kwa ulichokwisha kusoma. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Na wasifu wako wa kazi, jamani. Mtu anaomba kazi mpya kwa wasifu wa kazi ya zamani. Ukurasa mzima ni majina ya vyeo ambavyo msomaji wa upande wa pili havielewi. Mimi nikipokea maombi ya mwalimu anayetaka kuja idara ya mafunzo, "mwalimu wa Hisabati kidato cha kwanza hadi cha nne" hainisaidii. Niandikie kwamba kila wiki unaandaa vipindi 24, unapima watu 180 wa viwango tofauti na kubadili mbinu kwa kila kundi. Hapo nimekuona.

#6 | Mleta uzi

Afisa hapo umenigusa kwenye kitu ambacho nusura nisahau kukisimulia.

Mwaka wa kwanza wodini nilijiona bure kabisa. Vijana wa miaka 20 walikuwa wepesi kuliko mimi kwa kila kitu, kutafuta mshipa, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, kila kitu. Siku moja tukafundishwa chati ya maji. Mgonjwa wa figo au wa moyo unaandika kila kinachoingia mwilini, dripu, maji ya kunywa, uji, na kila kinachotoka, mkojo, matapishi, kinachotoka kwenye mirija. Mwisho wa saa 24 unajumlisha huku na huku, unatafuta tofauti. Wenzangu walikuwa wanaona inachosha. Mimi nilitetemeka. Ilikuwa leja! Kinachoingia, kinachotoka, salio. Tofauti ni kwamba salio likikaa vibaya hapa mtu anavimba miguu na kushindwa kupumua.

Wiki mbili baadaye niliona chati ya mgonjwa mmoja ambayo jumla zake zilikuwa sawa lakini haikuniingia akilini, ndivyo mhasibu anavyohisi tarakimu iliyolazimishwa. Nikarudi kwa mgonjwa nikamuuliza. Alikuwa anakunywa maji ya chupa aliyoletewa na ndugu, hakuna aliyeandika. Nikamwambia muuguzi wa zamu, daktari akaitwa, dawa zikabadilishwa. Jioni ile nilielewa kwamba ile miaka 11 haikutupwa. Nilikuja nayo.

Ningejua hilo mapema ningesubiri muda mfupi zaidi.

#7 | Mchangiaji

Nasoma kimya tangu asubuhi. Mimi nilitoka nikarudi, naomba nisimulie kwa sababu sauti yetu huwa haisikiki.

Nilikuwa mfamasia. Nikachoka, nikajiambia famasia si yangu, nikalipia kozi ya kutengeneza programu za kompyuta, nikaacha kazi mwezi uleule. Miezi minane. Nilikuwa naweza, walimu walinisifu. Lakini nilikuwa nakaa mbele ya kioo siku nzima simwoni mtu, na ule uchovu niliodhani nimeuacha dukani nilikuwa nao palepale kwenye kiti. Sikulala. Kitu kidogo kinanifanya nilie.

Daktari ndiye aliyenieleza. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeutambua uchovu wa kupindukia wa kazini. Halikuuita ugonjwa, liliuita hali inayotokana na msongo wa kazi uliodumu bila kudhibitiwa. Dalili tatu: nguvu zinakwisha, unaichukia na kujitenga na kazi yako, na uwezo wako kazini unashuka. Hiyo ya pili ndiyo ilinidanganya. Niliposikia naichukia famasia nikadhani ni moyo wangu unaniambia ukweli. Ulikuwa uchovu unaosema. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya zamu za usiku mfululizo kwa karibu miaka miwili, tukiwa wawili badala ya wanne.

Nilipumzika miezi minne. Nikarudi famasia sehemu nyingine, zamu za mchana, na ninaipenda kazi yangu. Sisemi watu wasibadili. Nasema mtu asiamue akiwa hajalala. Kwanza ulale, wiki kadhaa kama unaweza kupata likizo, halafu ulifungue lile daftari la mleta uzi. Ningelijaza nikiwa kwenye hali ile, mistari yote ingekuwa "hapana", hata wa kupumua.

#8 | Mleta uzi

Dada (au kaka) wa #7, asante mno. Hicho ni kipengele nilichokosa kabisa kwenye uzi wangu. Kwangu nilijaza daftari nikiwa nimetoka likizo, ilikuwa bahati tu, sikupanga. Wakuu wote msome #7 kabla ya #1.

#9 | Mwalimu wa Hisabati

Nimesoma #7 mara tatu. Mimi nalala vizuri, likizo napata ndefu, na nikirudi siku ya kwanza hisia ni ileile. Kwa hiyo nadhani kwangu ni kazi.

Mleta uzi na Afisa, swali langu ni hili. Nina miaka 43. Nataka kuingia kwenye upimaji wa ardhi, hesabu zake nazijua na nimeipenda tangu nikiwa kijana. Je, sijachelewa? Na naanzaje bila kugusa bima ya mtoto? Simjui mtu yeyote kwenye fani hiyo.

#10 | Afisa Rasilimali Watu

Mwalimu, nianze na hilo la kutomjua mtu, maana wengi hukata tamaa hapo.

Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu wa kada za kitaaluma waliobadili ajira kule Newton, Massachusetts, Marekani, akachapisha matokeo miaka ya 1973 na 1974. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, ni takriban 17 kwa 100 tu waliosaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja, na takriban 28 kwa 100 na mtu wanayeonana naye kwa nadra. Sababu si ngumu kuiona. Rafiki wa karibu anajua unachokijua, mnazunguka na watu walewale. Yule mliyesoma naye mkapotezana ana habari zinazotoka kwingine. Mwaka 2022 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa watumiaji milioni 20 katika miaka mitano, nayo yakaonyesha uhusiano wa mbali kiasi, si wa mbali kabisa, ndio uliosaidia zaidi watu kuhama kazi.

Wewe umefundisha miaka 17. Wanafunzi wako wa kwanza wana miaka zaidi ya 30 sasa. Hakuna hata mmoja aliyeishia kupima ardhi?

#11 | Mleta uzi

Hapo Afisa amemaliza. Mwalimu, wewe una watu kuliko sisi sote humu.

Kuhusu umri. Albert Schweitzer alikuwa na shahada za uzamivu, mwalimu wa theolojia Strasbourg, mpiga kinanda cha kanisani anayejulikana kwa kupiga muziki wa Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani. Mwaka 1905, akiwa na miaka 30, akaanza kusomea udaktari kuanzia mwanzo. Mwaka 1913 akafika Lambaréné, Gabon, akafungua hospitali. Na kile kinanda hakukiacha, alikitumia kufanya maonyesho ya kuchangisha fedha za hospitali. Najua 30 si 43. Namtaja kwa sababu ya kinanda. Swali lako si umri peke yake, ni nini unachokuja nacho. Unakuja na trigonometria ambayo wenzako darasani wataililia.

Lakini sitaki kukupa moyo wa bure. Ukimaliza mafunzo ukiwa na 46, utabaki na takriban miaka 15 au 20 ya kazi, na ya kwanza mitatu utalipwa kama kijana. Hesabu hiyo ikae mezani, na mwenzako aione.

Kuhusu kuanza: usiache kazi. Nakuomba. Kabla sijajiandikisha uuguzi nilijitolea hospitalini Jumamosi 14, kusukuma viti vya magurudumu na kukaa na wagonjwa wasio na ndugu. Jumamosi ya tatu mgonjwa alinitapikia shati. Nikaenda kunawa, nikarudi. Nilijifunza zaidi kwenye yale maji ya kunawa kuliko miaka mitatu ya daftari, kwa sababu nilijikuta nina haraka ya kurudi. Tafuta mpima ardhi akubali umshikie fimbo ya kupimia siku mbili za likizo. Jua kali, nyasi ndefu, majirani wanaogombea mpaka. Kama siku ya pili jioni bado unataka, utakuwa umejua kitu ambacho hakuna mtu humu anaweza kukuambia.

Na kama akili yako imegawanyika nusu kwa nusu kabisa, basi nikuachie hili. Mchumi Steven Levitt aliwaalika watu walioshindwa kuamua mambo kama kuacha kazi warushe sarafu mtandaoni, na zaidi ya sarafu 20,000 zikarushwa. Matokeo alichapisha mwaka 2020. Kwenye maamuzi makubwa, walioelekezwa na sarafu wabadilike na wakabadilika walikuwa na furaha zaidi baada ya miezi sita kuliko waliobaki. Kumbuka hao walijitokeza wenyewe na walikuwa wamefika njia panda kweli, kwa hiyo si ruhusa ya mtu yeyote kuacha kazi kesho. Inanionyesha tu kwamba tukifika njia panda tunaelekea kubaki kupita kiasi.

#12 | Mstaafu

Wanangu, nina miaka 68. Nilikuwa karani wa bandari hadi nikastaafu. Nilitaka kuwa fundi saa. Nilikuwa na vifaa, nilikuwa naye mtu wa kunifundisha, na mwajiri aliyenipa barua ya kupunguza saa za kazi. Barua ile niliihifadhi, sikuijibu. Sikuwa na deni wala mtoto mgonjwa. Nilikuwa naona aibu kumwambia baba yangu. Alifariki miaka miwili baadaye, na mimi nikabaki palepale miaka 26 zaidi.

Mwalimu, nenda ukashike hiyo fimbo.

#13 | Mwalimu wa Hisabati

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma, nimekaa kimya kidogo ndiyo nimeandika.

Nimefungua picha za zamani za darasa langu la kwanza kabisa. Kuna kijana alikuwa akikaa dirishani, mtundu, nilimtoa nje mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nimeuliza kwa mwenzake, nikaambiwa anapima ardhi mwaka wa tisa sasa. Nimepewa namba. Mchana nimepiga, nimeanza kujieleza mimi ni nani, akanikatisha: "Mwalimu, sauti yako nitaisahauje?"

Likizo inaanza wiki ya pili ya mwezi ujao. Amesema nije na viatu vya kufunika mguu na kofia, na tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kuhusu bima, nimeshaandika barua kuuliza masharti ya kuilipia mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyeipeleka.